Hawakutembea, Walitembezwa: Watalii wa Kijapani Katika Nchi Walizozitawala

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wanaosomea kazi ya kuongoza watalii, pamoja na walimu wao. Waliokosa nafasi ya kufika wameomba maandishi. Naiweka yote kama ilivyosemwa, bila zile picha za ukutani.)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wapenzi, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nawashukuru kwa kunialika. Mliniomba nizungumzie historia ya utalii, na najua wengi wenu mlitegemea nitaanza na mbuga na mahoteli ya ufukweni. Leo tunakwenda mbali zaidi. Tunakwenda Asia ya Mashariki, enzi ambazo Japani ilikuwa dola ya kikoloni, tuwafuate watalii wake walipokuwa wakivuka bahari kwenda kuwatazama majirani zao.

Sisi tumelelewa na usemi wa tembea uone. Aliyekaa kwao tunamwonea huruma. Aliyesafiri tunamsogezea kiti atusimulie. Tunaamini safari humfungua mtu macho. Basi nawauliza: kama safari hufungua macho, ilikuwaje Japani ikapeleka walimu, wanafunzi, wafanyabiashara na waandishi wake kutazama Korea, Manchuria (yaani kaskazini-mashariki ya China) na Taiwan, mwaka baada ya mwaka kwa karibu miaka 40, na wengi wao wakarudi wakiamini kwa uthabiti zaidi kwamba majirani wale ni wachafu, wazembe, na bila Mjapani wangepotea?

Jibu langu ni hili, na ndilo lililonileta hapa. Watu wale hawakutembea. Walitembezwa. Aliyekata tiketi, aliyepanga ratiba na aliyesimama mbele ya kundi akaeleza, wote walikuwa upande mmoja, upande wa mtawala.

Tuweke miaka sawa kwanza. Mwaka 1895, baada ya kuishinda China, Japani iliichukua Taiwan. Mwaka 1905, baada ya kuishinda Urusi, ikapata ncha ya rasi ya Liaodong, yaani Port Arthur na Dalian, pamoja na reli iliyojengwa na Warusi. Mwaka 1910 ikaimeza Korea yote. Mwaka 1932 ikasimamisha Manchuria serikali ya vibaraka iliyoitwa Manchukuo. Kila ardhi mpya ilipotwaliwa, watalii walifuata nyuma ya wanajeshi, tena haraka mno. Vita na Urusi viliisha Septemba 1905. Julai 1906 gazeti la Asahi lilikuwa limeshakodi meli, Rosetta Maru, na kuwapakia watu zaidi ya 370 kwenda kuzuru Korea na Manchuria. Kiangazi hicho hicho serikali iliwasaidia walimu na wanafunzi kwenda kuona nyanja za vita. Hata mwaka mmoja haukuwa umepita tangu vita viishe.

Kwa nini walimu na wanafunzi? Jiulizeni wenyewe. Mfanyabiashara akirudi anamsimulia mkewe na majirani. Mwalimu akirudi anasimulia darasa zima, na mwaka unaofuata darasa jingine, mpaka atakapostaafu.

Mwaka huo huo wa 1906 ikaundwa Kampuni ya Reli ya Manchuria Kusini, ambayo Wajapani waliiita Mantetsu kwa kifupi. Ilikuwa na treni. Ilikuwa na bandari ya Dalian. Ilikuwa na mgodi wa makaa ya mawe wa Fushun. Ilikuwa na mahoteli ya fahari yaliyoitwa Yamato. Tena ilichapisha vitabu vya kuwaongoza wageni. Mwenye treni ndiye mwenye kitanda unacholalia, ndiye mwenye mgodi unaoonyeshwa, ndiye mwenye kitabu kinachokwambia ustaajabie nini. Mwaka 1912 ikaanzishwa Ofisi ya Utalii ya Japani, na mwaka huo huo ikafungua matawi Dalian, Seoul na Taipei. Mtandao ukawa umekamilika.

Sasa niwape mfano wa mtu mmoja, na nitakaa naye kidogo, kwa sababu huyu hakuwa mjinga wala hakuwa mtu wa serikali. Ni Natsume Sōseki, mwandishi mkubwa kuliko wengi katika Japani ya kisasa. Alikuwa na rafiki yake wa tangu ujana, Nakamura Zekō, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa Mantetsu. Mwaka 1909 rafiki akamwalika: njoo utazame tunachofanya Manchuria. Sōseki akaenda, tumbo likimuuma safari nzima, na aliporudi akaandika simulizi zilizotoka kwa mfululizo katika gazeti la Asahi.

Meli yake inatia nanga Dalian. Anatazama gatini, na kitu cha kwanza anachokiona ni makuli wa Kichina, wamejaa tele. Anaandika kwamba kuli mmoja peke yake ni mchafu, wawili wakiwa pamoja hawatazamiki, na kundi zima ndiyo balaa. Anasema kelele zao ni za nyuki waliochokozwa. Hajashuka melini. Hajazungumza na hata mmoja. Hukumu imeshatoka.

Siku chache baadaye anapelekwa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya soya. Anawaona makuli tena, safari hii vifua wazi, wamebeba magunia ya maharage, wanapanda ngazi, wanamwaga, wanashuka, wanapanda tena, kimya kabisa. Sasa anawastaajabia. Anamwambia aliyemwongoza kwamba watu hawa wanafanya kazi vizuri ajabu, tena kwa utulivu. Naye mwongozaji anamjibu kwamba Mjapani hawezi kufanya kazi kama wao, na kwamba wanakula kwa senti tano au sita tu kwa siku, na hajui kabisa nguvu wanaitoa wapi.

Wanafunzi wangu, lisikilizeni jibu hilo kwa makini. Mwongozaji ametaja senti tano au sita kana kwamba ni maajabu ya maumbile, kama kusema mlima huu una urefu kadhaa. Senti hizo ni matokeo ya mshahara, na mshahara una anayeulipa. Swali la nani anawalipa, na kwa nini kidogo hivyo, liko mlangoni kabisa, na mwenye kulijibu ni yule rafiki aliyemwalika mgeni. Lakini Sōseki hakuuliza. Angeulizaje? Alikuwa mgeni wa nyumba.

Kisa cha tatu kutoka safari ile ile. Akiwa Mukden, mji wa Manchuria, anaona watu wamekusanyika, katikati yao mzee aliyeumizwa mguu na gari la farasi, jeraha liko wazi. Watu wamesimama wanamtazama, hakuna anayesema lolote. Sōseki anachukizwa. Anafika alikolala akiwa na furaha ya kuwa mbali na watu wakatili namna ile. Mimi kila nikikisoma kisa hicho nauliza: na wewe, bwana? Wewe ulimfanyia nini yule mzee? Ulitazama, ukaondoka. Wenyeji walitazama, wakabaki. Wao wameitwa wakatili, taifa zima. Wewe umebaki kuwa msafiri mwenye moyo mwepesi. Hiyo ndiyo kazi ambayo utalii wa namna ile uliifanya kwa akili ya mtu. Kosa la mwenyeji mmoja likawa tabia ya kabila lake; kosa la mgeni halikuandikwa popote.

Lakini nitamtendea haki, kwa sababu jicho la mwandishi halifungiki lote. Port Arthur alipelekwa kwenye jumba la kumbukumbu za vita. Afisa wa jeshi aliwatembeza, akaeleza kitu kimoja kimoja: makombora, seng'enge, silaha za kila aina. Sōseki anakiri kwamba maelezo yote yale yamemtoka kichwani. Kilichobaki ni kiatu kimoja cha mwanamke, cha satini, rangi ya kijivu hafifu. Kiatu kile, anasema, anaweza kukiona tena akilini wakati wowote. Sijui kama mnaona uzito wake. Jumba zima limejengwa limwambie mgeni: tazama ushindi wetu. Na katikati ya ushindi kuna mwanamke aliyeishi mjini humo wakati mabomu yakianguka, na hakuna aliyemtaja kwa mgeni. Kiatu chake ndicho kilichomtaja.

Tubaki Port Arthur, maana huko ndiko kila mtalii alikopelekwa. Mji ule ulizingirwa tangu Agosti 1904 mpaka Januari 1905, na Wajapani wapatao 60,000 waliuawa au kujeruhiwa kuutwaa. Kuna kilima kinachoitwa Mita 203. Jenerali Nogi, aliyeongoza mashambulizi, alipoteza mtoto wake wa pili hapo. Wa kwanza alikuwa ameshakufa Nanshan. Mtalii alipanda kilima hicho akiwa na maua na machozi. Halafu alipelekwa kijiji cha Shuishiying, kwenye kibanda cha mkulima ambamo Nogi na jenerali wa Kirusi, Stoessel, walikutana baada ya mji kusalimu amri. Nje ya kibanda palikuwa na mkunazi. Watoto wa shule Japani waliufahamu mkunazi huo kwa wimbo kabla ya kuuona kwa macho. Walipofika na walimu wao waliusogelea, waliushika.

Nimesema mkulima. Ni mkulima gani? Kibanda kilikuwa cha nani? Wachina wangapi walikufa au kukimbia mashamba yao wakati mataifa mawili ya kigeni yanapigana juu ya ardhi yao? Ratiba haikuwa na kituo cha swali hilo. Katika hadithi iliyosimuliwa pale kulikuwa na Mjapani shujaa na Mrusi aliyeshindwa kwa heshima. Mchina alikuwa mwenye kibanda tu. Na mtoto wa miaka 16 aliyelia pale juu ya kilima aliondoka na imani moja: ardhi hii tumeilipia kwa damu, basi ni yetu. Ndugu zangu, huyo ndiye mtoto ambaye mwaka 1931, jeshi la Kwantung, yaani jeshi la Japani lililowekwa huko, lilipolipua reli lenyewe karibu na Mukden, likawasingizia Wachina na kuiteka Manchuria yote, alikuwa mtu mzima anayepiga makofi. Sisemi safari peke yake ilimfanya apige makofi. Nasema ilimpa sababu ya moyoni, na sababu ya moyoni ni ngumu kuing'oa kuliko hoja.

Twendeni Korea. Huko nitapita kwa mambo mawili.

La kwanza ni milima. Mtalii alivuka kwa feri kutoka Shimonoseki hadi Busan, akapanda treni ya kwenda Seoul, mji ambao wakati huo uliitwa Keijō. Nje ya dirisha aliona vilima vyekundu visivyo na miti. Maelezo ya wasafiri wa enzi ile yanarudia jambo hilo mpaka linachosha: vilima vitupu, vilima vitupu. Na tafsiri ilikuwa tayari. Vilima ni vitupu kwa sababu Wakorea hawana akiba wala serikali; na palipo na miche mipya, hapo serikali ya Japani imeshafika. Ni kweli misitu ilikuwa imekatwa, maana baridi ya Korea ni kali na nyumba zilipashwa joto kwa kuni. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba serikali hiyo hiyo ya kikoloni ilikuwa ikikata magogo kwenye misitu minene ya mto Yalu, kaskazini, mbali na dirisha la treni ya Busan. Reli inapopita ndipo macho yanapofika. Aliyechora reli alichora pia kinachoonekana.

La pili ni kasri. Seoul lilikuwapo kasri la kifalme la Changgyeong. Mwaka 1909 uwanja wake ulifunguliwa kwa umma kama bustani ya wanyama na mimea. Mfalme Sunjong alikuwa akiishi kasri la jirani, ukuta kwa ukuta. Mwaka 1911 hata jina la Changgyeong likashushwa, lisiitwe kasri tena, liitwe bustani. Ikapandwa micheri mingi, ule mti ambao Mjapani akiona maua yake moyo wake unasema niko kwetu. Mtalii alifika, akapumzika, akala chakula chake chini ya micheri katika ua wa wafalme wa Korea.

Lazima niseme ukweli wote: Wakorea nao walikwenda, tena kwa wingi, familia kwa familia, kuona tembo na maua. Siwalaumu. Mtu aliyenyang'anywa mji wake ana haki ya kumpeleka mwanawe kuona tembo. Lakini mtazameni mgeni. Mgeni anaona kasri lina nyani, na wenyeji wanacheka. Anafika kwao anasema, wale watu hawana kinyongo, wametukubali. Wakati huo huo, si mbali na hapo, ipo bustani ya Pagoda, yenye mnara wa marumaru wa karne ya 15, ambao watalii walipenda kuupiga picha. Katika bustani ile ile, tarehe 1 Machi 1919, kijana wa Kikorea alisimama akasoma tangazo la uhuru, na nchi nzima ikafuata, na maelfu wakauawa au kufungwa. Je, mwongozaji aliyelipwa na reli ya serikali angethubutu kumwambia mgeni wake habari hiyo chini ya mnara ule?

Sasa Taiwan, na hapa naomba mnivumilie, maana habari ya Taiwan inaumiza.

Nitaanzia Osaka, mwaka 1903. Pembeni mwa maonyesho makubwa ya viwanda, wafanyabiashara walifungua nyumba waliyoiita ya elimu ya binadamu. Ndani yake waliwekwa watu hai watazamwe kwa kiingilio: Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Hokkaido, wenyeji wa milima ya Taiwan, wanawake wa Okinawa, Wakorea, Wahindi, Wajava, na hata Mwafrika alikuwemo. Wachina walipinga kwa sauti, na watu wao wakaondolewa. Watu wa Okinawa nao walipinga, lakini baadhi ya malalamiko yao yalikuwa haya: kwa nini mnatupanga pamoja na Waainu na wale wa milima ya Taiwan? Hapo ndipo pabaya. Ngazi ya dharau ikishasimamishwa, aliyewekwa chini haombi ivunjwe. Anaomba apande kipandio kimoja.

Huko Taiwan kwenyewe, milima ilikuwa chini ya polisi, na mgeni aliingia kwa kibali. Lakini vilikuwepo vijiji vichache vilivyoandaliwa kwa ajili ya wageni. Jiaobanshan ni mojawapo. Mtalii alikaa kwenye toroli ndogo juu ya reli nyembamba, ikisukumwa na wanaume wanaotokwa jasho, akapandishwa mlimani. Akaonyeshwa shule ambayo watoto wa Waatayal, mojawapo ya makabila ya milimani, walisoma Kijapani. Akaonyeshwa duka la serikali. Akanunua postikadi za wazee wenye chale usoni. Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku chale hizo. Vijana hawakuruhusiwa kuchorwa. Lakini picha ziliuzwa. Mgeni alitakiwa aone vyote viwili kwa siku moja, ushenzi ulivyokuwa na ustaarabu tulioleta, halafu apate toroli ya kurudi kabla ya jioni.

Na safari zilikwenda upande wa pili pia. Tangu mwaka 1897 serikali iliwachukua viongozi wa watu wa milimani ikawapeleka Japani kutembezwa: Tokyo, kambi za jeshi, viwanda vya silaha. Wakorea nao walipelekwa kwa makundi. Lengo lilikuwa waone nguvu, waogope, warudi wakawaambie wenzao kwamba haiwezekani kushindana. Mmoja wa waliopelekwa, mwaka 1911, alikuwa kiongozi wa Waseediq, kabila jingine la milimani, aliyeitwa Mona Rudao. Alitembezwa. Alionyeshwa. Alirudi kijijini kwake, eneo la Wushe.

Wushe ilihesabiwa kuwa mahali pa mfano, palipotulia, penye shule na ofisi ya posta, na micheri ya kutazamwa wakati wa maua, na chemchemi za maji moto si mbali. Mgeni aliyepita hapo aliona watu watulivu wakibeba magogo. Hakuambiwa kwamba magogo yale ni ya kazi za kulazimishwa kwa ujira duni, wala kwamba polisi waliwapiga watu, wala habari za wanawake wa Kiseediq waliooana na polisi wa Kijapani kisha wakaachwa. Tarehe 27 Oktoba 1930, siku ya michezo ya shule, watu wa Mona Rudao walishambulia na kuua Wajapani 134, watoto wakiwamo. Serikali ilijibu kwa wanajeshi, mizinga na ndege. Katika vijiji sita vilivyoasi palikuwa na watu wapatao 1,200. Zaidi ya nusu walikufa, wengi kwa kujinyonga ili wasishikwe.

Japani nzima ilishtuka. Wengi waliuliza, imekuwaje pale mahali palipotulia? Waliuliza kwa dhati, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Mona Rudao alitembezwa Japani akaona mizinga yote waliyotaka aione, na bado alichagua kupigana. Yeye aliona walichomwonyesha na akaelewa wasichomwonyesha, kwa sababu aliishi chini yake kila siku. Mgeni wa Wushe alipita siku moja akadhani ameona. Mabaki ya Mona Rudao yalipopatikana, yalionyeshwa hadharani, kisha yakawekwa chuo kikuu kama kielelezo cha kisayansi. Mpaka miaka ya 1970 ndipo aliporudishwa Wushe akazikwa. Hata kufa hakukumtoa kwenye maonyesho.

Nina mtu mmoja zaidi wa kuwasimulia. Mwaka 1904, Port Arthur ikiwa imezingirwa, mshairi Yosano Akiko alichapisha shairi la kumsihi mdogo wake aliyekuwa jeshini asife vitani. Alitukanwa kwa hilo, akaitwa msaliti, hakuyumba. Miaka 24 baadaye, mwaka 1928, yeye na mumewe walialikwa na Mantetsu kuzuru Manchuria. Alipanda treni zao, akalala mahotelini mwao. Alfajiri ya tarehe 4 Juni alikuwa Mukden, na akausikia mlipuko. Ulikuwa ni mlipuko uliomuua Zhang Zuolin, mtawala wa Kichina wa Manchuria, ndani ya treni yake, na waliotega baruti walikuwa maafisa wa jeshi la Japani. Mwanamke aliyewahi kupinga vita alikuwa pale pale, kwa masikio yake.

Tungetarajia nini? Tungetarajia arudi apige kelele. Miaka minne tu baadaye, 1932, alikuwa akitunga mashairi ya kuwasifu wanajeshi wa Japani waliokuwa China, na mwaka 1942 alimtungia mwanawe aliyekuwa baharini shairi la kumwambia apigane kishujaa. Wanaomchunguza wanatoa sababu nyingi, nami siwezi kuzimaliza hapa. Ninachojua ni kwamba kuwa karibu hakukutosha. Alikuwa umbali wa kusikia, lakini waliomzunguka, waliompa chakula, waliomfasiria, waliomweleza kilichotokea, walikuwa watu wa kampuni.

Kufikia hapo utalii ulikuwa umeshakuwa wa starehe kwelikweli. Mwaka 1934 Mantetsu ilianzisha treni iliyoitwa Asia, kutoka Dalian hadi Xinjing, mji mkuu wa Manchukuo, kilomita 701 kwa saa nane na nusu, mabehewa yamepozwa hewa, madirisha yamefungwa. Vita na China vilipoanza Julai 1937, safari hazikukoma. Nchi za watu ziliungua na wageni wakaendelea kukata tiketi.

Mwaka 1945 yote yakaanguka. Wajapani zaidi ya milioni sita, wanajeshi na raia, walirudishwa kwao. Kwa miaka mingi Mjapani wa kawaida hakuruhusiwa kwenda nje kutalii, mpaka Aprili 1964. Mlango ulipofunguliwa, wengi walikwenda wapi? Taiwan na Korea Kusini, miongoni mwa kwingine. Na ndege nyingi zilizotua Seoul miaka ya 1970 zilijaa wanaume waliouziwa safari ambamo wanawake wa Kikorea walikuwa sehemu ya ratiba. Hapakuwa na gavana tena, hapakuwa na Mantetsu, lakini jicho lilikuwa lile lile. Desemba 1973 wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Ewha walikwenda uwanja wa ndege wa Kimpo kuandamana dhidi ya biashara hiyo, na wanawake wa Japani nao wakaandamana kwao. Nawaheshimu sana wanawake wale wa pande zote mbili. Ndio waliokataa kuwa mandhari, na ndio waliokataa kutazamiwa kwa niaba yao.

Lile kasri la Changgyeong nalo lilirudishiwa jina lake. Mwaka 1983 wanyama walianza kuhamishwa kwenda Gwacheon, nje ya Seoul, micheri ikang'olewa, majengo yakakarabatiwa. Na tarehe 15 Agosti 1995, miaka 50 kamili tangu ukoloni uishe, Wakorea walianza kulibomoa jengo kubwa la serikali ya kikoloni lililokamilika mwaka 1926 mbele ya kasri la Gyeongbok. Wapo Wakorea waliotaka libaki, liwe ushahidi. Walibishana sana wao kwa wao, na ubishi ule ulikuwa wao kuusuluhisha. Sehemu za jengo hilo ziko Cheonan, kwenye jumba la kumbukumbu za uhuru, na anayezieleza kwa wageni leo, wakiwamo Wajapani wengi, ni Mkorea.

Nanyi wanafunzi, mtakapomaliza masomo mtapewa ratiba zilizochapwa na watu wengine. Zisomeni kabla hamjapanda gari. Ulizeni ni njia ipi imeachwa, na nani anaishi kwenye njia hiyo, na kama yupo, muombeni azungumze mwenyewe.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naona mikono imeshaanza kunyooshwa, na yule dada wa nyuma alitangulia. Karibu, uliza.